Mbwa wa Nyumba ya Laurenti

Wezi wa kwa Mama Alex walikuja Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini, na kabla ya kuiba waliamkia. "Shikamoo mama." Naye akaitikia marahaba. Wakauliza, "Baba yupo?" Akasema, "Katoka kidogo." Wakasema ni huyohuyo baba aliyewatuma, waichukue televisheni waipeleke kwa fundi. Akasema haya. Wakaingia na viatu vyao mpaka sebuleni, wakaichomoa, wakaibeba, na yeye kwa mkono wake akawapa khanga waifunikie isiingie vumbi njiani. Khanga yenyewe nilimpa mimi, sikukuu ya Idi.

Huyo baba aliyewatuma, Laurenti, mumewe, alikuwa na mwaka mzima kaburini.

Mimi ni Mama Imani, jirani yake hapa Mitwero, na kama hunijui nikwambie mapema: hasira zangu ziko karibu. Siku ile nilipenya kwake jioni na bakuli la kisamvu, nikakuta meza tupu, waya unaning'inia ukutani. Mama Alex kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamuuliza televisheni iko wapi. Akanieleza kama ninavyokueleza wewe, bila kuinua macho kwenye ungo.

"We mwanamke! Hukujua kama ni wezi?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Akatoa chuya moja, akaiweka pembeni. "Walisema Laurenti kawatuma," akasema. "Nikaona niwasikilize."

Bakuli nililiweka chini. Halafu nikamgombeza mpaka jua likazama, na yeye akawa ananiitikia "sawa" kila nilipovuta pumzi.

Hilo la "katoka kidogo" hakulianza yeye. Mtaa mzima tunasema. Mwanamke ukiwa peke yako nyumbani, mtu usiyemjua akamuulizia mumeo, humwambii kasafiri, wala humwambii yuko shamba harudi leo. Unasema katoka kidogo, anarudi sasa hivi, tena unasema kwa sauti ili ajue huna wasiwasi. Mama zetu walitufundisha na sisi tumewafundisha mabinti zetu. Kwa hiyo Laurenti alipokufa na mkewe akaendelea kujibu hivyohivyo, tulimsifu. Tukasema ana akili huyu, hataki watu wajue humu kuna mjane peke yake. Mimi ndiye niliyesifu kuliko wote. Nilianza kushtuka siku alipomjibu hivyo mtoto wa shule aliyepita anauza maandazi. Sasa mtoto wa maandazi naye ni jambazi?

Na kusema kweli ndivyo Laurenti alivyoondoka. Asubuhi ile alisema, "Natoka kidogo," akaenda Mingoyo kununua bawaba za geti. Geti alilichonga mwenyewe, la mbao za mninga, zito, lilikuwa limeegemea ukuta linangoja kutundikwa. Bawaba zimejaa tele Lindi mjini hapo, lakini mwanaume yule alikuwa Mmakonde mbishi, hanunui msumari ila duka la Saad pale njia panda ya Mingoyo, walikojuana tangu enzi anabeba magunia ya korosho. Akaanguka palepale, kwenye benchi la duka. Msiba ulipokuwa hapa na watu wakaitwa kuaga mwili, Mama Alex alibaki uani anapepeta mchele wa wageni. Nilimfuata. Akaniambia, "Nyie tangulieni." Makaburini alikwenda, akaambiwa atupe udongo, akatupa. Chozi halikumtoka. Wakasema ana moyo mgumu. Wajinga wale.

Ungemjua zamani usingesema hivyo. Fortunata, maana ndilo jina lake, alitoka Newala na kelele zake zote. Alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, pale barabarani, na chumvi yenye pilipili ya kukutoa kamasi, na mteja akipita bila kununua anatukanwa kwa utani mpaka anarudi. Kanisani kwao kwaya ilikuwa haianzi mpaka acheke kwanza. Tulijuana kwa ugomvi. Kuku wake aliparua mchicha wangu, nikamfukuza kwa jiwe, akatoka akaniita Mmachinga mchoyo, nami nikamwita Mmakonde mla panya, na kabla ya magharibi tulikuwa tumekaa tunakula ming'oko pamoja. Laurenti na mume wangu Abdulwahab walipojenga ua wa mabati kati ya nyumba zetu, tuliwaamuru waache upenyo wa kupita mtu. Sijawahi kupiga hodi kwake. Ningepigaje hodi, mtu na upenyo wangu?

Tangu Laurenti aende Mingoyo, ming'oko imekwisha, kwaya imekwisha. Ukimpa chakula anakula. Usipompa hali. Ukimwambia Mama Alex kuna jua, anasema sawa. Nilimjaribu siku moja, nikamwambia nimeota mkia. Akasema sawa.

Basi habari za televisheni zikamfikia mwanaye Alex, ambaye yuko Mtwara na kazi yake ya bandarini. Akanipigia mimi, maana simu ya mama yake huwa inalia mpaka inachoka.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako kawapa wezi na khanga."

Halafu akasema kama mtu aliyekwisha kuamua: nyumba itafutiwe mbwa. Tena si hawa wa kienyeji wanaobweka wakitupiwa mfupa wananyamaza. Mbwa mkubwa wa ulinzi, wa mbegu inayojulikana. Mbwa asipopatikana, au mama akishindwa kukaa naye, basi Alex atakuja na gari, mama atahamia Mtwara na nyumba itapangishwa. "Siwezi kulala, mama mkubwa," akasema. "Wa kwanza wameamkia. Wa pili wataamkia?"

Nikapenya kwa mama yake nikamweleza. Akasema sawa kwa mbwa. Akasema sawa kwa Mtwara. Halafu, nimeshageuka kuondoka, akaniuliza, "Nikiwa Mtwara, nani atawajibu wanaokuja kumuulizia?"

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Nilijua akipelekwa Mtwara atawekwa kwenye kiti kizuri, atapikiwa na mkwewe, na kwenye kiti kile hatainuka tena. Nikasema mbwa atapatikana, nitake nisitake.

Na sikuwa nataka, usidhani. Kwetu Kikole, kule Kilwa, mbwa ni wa kufukuza ngedere na nguruwe shambani, na jioni anabaki hukohuko. Nguo zangu za sala zinaanikwa kando ya upenyo ule. Ulimi wa mbwa ukigusa chombo changu nikioshe mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Nani ana nguvu hizo? Nikamweleza Abdulwahab nikitegemea atakuja juu. Mume wangu akakunja mkeka wake taratibu. "Mbwa wa kulinda nyumba hana ubaya," akasema. "Ulimi wake tu ubaki kwao. Upenyo ule tutauziba."

"Tutauziba?"

"Unataka jirani, au unataka upenyo?"

Mwanaume huyu haongei, akiongea anakuudhi.

Alex akaanza kutuma picha kwenye simu yangu. Lo, sikujua mbwa wana kabila nyingi hivyo! Kuna Rotiwaila, mweusi, kichwa kama chungu, nyusi za rangi ya kahawia. Kuna yule wa polisi, Jamani shepadi, na mimi nikasema hata jina lake linaanza kwa kuomba msaada. Kuna Boeboli wa Afrika Kusini, kifua kipana, anatembea kama bwana harusi. Nilikuwa napeleka simu kwa Mama Alex, naishika mbele ya macho yake, nageuza picha moja moja.

"Huyu?"

"Sawa."

"Na huyu?"

"Naye sawa."

"Aa, chagua bwana! Utakaa naye wewe, si mimi!"

"Yeyote anayefaa nyumba," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Siku hizo alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Ikabidi tuambiwe na mtu anayejua. Alex akaulizia, akapewa jina la Mzee Eusebio, aliyekuwa mfunza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi, sasa amestaafu na anazalisha mbwa wake. Wapi? Mingoyo. Nikamtazama Mama Alex nilipomwambia. Hakuna kitu. Akaenda kuvaa viatu.

Tulishuka pale njia panda, tukalipita duka la Saad, benchi lipo nje limekaliwa na watu wanakunywa kahawa. Mama Alex alipita akiangalia mbele. Nilimshika mkono na mkono ulikuwa wa baridi, joto lote lile.

Mzee Eusebio alikaa ndani kidogo, nyuma ya mikorosho, na mabanda safi kuliko jikoni kwa watu wengine. Mzee mrefu, kofia ya kitambaa kichwani. Mama Alex alipomwamkia kwa Kiswahili, akatambua lafudhi, wakamalizana kwa Kimakonde, mimi nikabaki natabasamu kama bubu. Halafu akatutembeza.

"Mbwa mkubwa si kufuli," akatuambia. "Watu wanakuja hapa wanataka kununua kufuli lenye meno. Hakuna." Akatuonyesha Jamani shepadi wake, dume, amelala kivulini anahema. "Huyu ana akili. Ukimfundisha neno leo, kesho analo. Lakini manyoya yote haya na joto la Lindi, lazima kivuli, maji, na mtu wa kushinda naye. Ukimwacha peke yake anajisumbua akili, anabwekea hata jani." Tukaenda kwa Rotiwaila. Mimi nilisimama mbali. "Huyu ana nguvu na anapenda watu wake. Ila anataka mazoezi kila siku, na mkono wa mtu asiyebadilika. Leo humruhusu kitu, kesho unamruhusu, umemharibu."

Banda la mwisho lilikuwa la Boeboli jike, rangi ya mchanga, jina lake Tulia. Alikuja mpaka kwenye wavu, akasimama. Hakubweka. Akatuangalia mmoja mmoja, akamaliza kwa Mama Alex, akakaa chini.

"Huyu ndiye wa familia," Mzee Eusebio akasema. "Watoto wa nyumbani watampanda mgongoni. Kulinda hafundishwi, anazaliwa nako. Mgeni akikaribishwa na mwenye nyumba, atamwacha. Asipokaribishwa, hapiti. Lakini ana sharti moja, mama zangu. Lazima ndani ya nyumba kuwe na mkubwa, na yeye amjue ni nani. Akikuta nyumba haina mkubwa, anajifanya mkubwa yeye. Hapo ndipo mnaposikia kang'ata mtoto wa jirani. Simtoi mbwa huyu mpaka nimwone mkubwa wake, ashike kamba mbele yangu, amlishe kwa mkono wake." Akamgeukia Mama Alex. "Mkubwa wa nyumba nani?"

"Laurenti," akasema Mama Alex.

"Yuko wapi?"

"Katoka kidogo."

"Anarudi lini?"

"Hakusema."

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilitaka kuongea. Mama Alex akanitazama. Hakunikataza. Alinitazama tu kama mtu anayengoja kupewa habari asiyoijua, na mimi nikaona kwamba nikisema neno lile pale, kwa mdomo wangu, mbele ya mgeni, litamwangukia leo kwa mara ya kwanza. Nikafumba mdomo.

"Basi akirudi mje naye," Mzee Eusebio akasema, wala hakuwa mkali. "Mbwa yupo."

Tukarudi Mitwero mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa na hasira, sijui na nani. Na mzee, na mbwa, na Laurenti pia, Mungu anisamehe, kwa ubishi wake wa bawaba.

Nilimwambia Alex kwamba mbwa hatukupata. Sababu sikumwambia. Nitaanzaje kumwambia mtoto? Akasema hakuna shida, mama mkubwa, umejitahidi, nakuja kumchukua.

Alikuja kweli, Jumamosi asubuhi, na gari la wazi la kubebea mizigo. Kijana mzuri Alex, mabega ya baba yake. Akaanza kutoa vitu: godoro, sanduku la nguo, cherehani. Mama yake amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, anaangalia nyumba yake ikitoka nje kipande kipande. Nilikuwa nafunga vyombo kwenye boksi na navipigiza kusudi, angalau mtu akasirike mule ndani. Hakuna aliyekasirika.

Alex alipomaliza vya ndani akazunguka ukuta, akaliona geti la mninga limeegemea pale na vumbi la mwaka mzima. "Hili tutaliacha," akasema. "Atakayepanga atajua la kufanya. Au litapasuliwa kuni."

"Liache hapo hapo," mama yake akasema. "Bawaba zinakuja."

Alex akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, na nikaona kwenye uso wake kwamba sasa ameelewa, kitu ambacho sikuweza kumwambia kwa simu. Akaliachia geti taratibu. Akaenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia huko analia kama mtoto mdogo.

Mimi hapo nikachoka. Nikatupa sufuria chini.

"Zinakuja zenyewe?" nikamuuliza Mama Alex. "Bawaba zina miguu? Mwaka mzima unazingoja na hujaenda kuziulizia! Inuka tukazifuate."

Akanitazama. Nilidhani atasema sawa. Akasema, "Ngoja nivae viatu."

Alex akatupeleka na gari lake, vitu vyote mgongoni, tumekaa mbele watatu. Pale njia panda Mama Alex alishuka kabla yetu, akaenda moja kwa moja dukani kwa Saad. Saad ni mtu wa makamo, mnene, mwenye maneno mengi. Alipomwona tu maneno yakamkauka.

"Nimefuata bawaba za Laurenti," akasema Mama Alex.

Nikasema moyoni ya Rabi, sasa huyu atasema hana. Saad akainama chini ya meza yake ya mauzo, akatafuta nyuma ya makopo ya rangi, akatoka na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba. "Zipo," akasema. "Alishazinunua. Niliona si vizuri kuzileta msibani, baadaye nikaona aibu kuchelewa. Nisamehe, mama."

Mama Alex akakipokea. Akakipima kwa mkono. "Alikaa wapi?"

Saad akaonyesha benchi. Waliokuwa wanakunywa kahawa wakainuka wote, hakuna aliyewaambia, wakasogea kando na vikombe vyao. Mama Alex akaenda akakaa, upande wa mwisho, kifurushi magotini.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu kikubwa, mama," Saad akasema. Alikuwa anajifuta jasho. "Nilimpa bawaba ndogo akazikataa. Akasema geti ni zito, hizi zitapinda, nipe zile kubwa. Nikampa. Akasema ngoja nipumzike kidogo, jua kali. Basi."

"Jua lilikuwa kali," Mama Alex akasema.

Alikaa pale. Malori yakapita ya kwenda Mtwara, yakapita ya kwenda Masasi, vumbi likatufunika, na sisi tumesimama tu, Alex na mimi na Saad na wanywa kahawa. Sikujua kama tunangoja alie au tunangoja nini. Hakulia. Alifungua kamba, akaangalia zile bawaba, nyeusi, zina mafuta bado, akazifunga tena. Akainuka akaanza kutembea. Alex akauliza, "Mama, gari huku." Hakugeuka. Alikuwa anaelekea kwenye mikorosho.

Mzee Eusebio alikuwa anasafisha mabanda. Akatuona, akamwona Alex, kijana mrefu mwenye mabega, akadhani ndiye. "Naona mkubwa karudi," akasema kwa furaha.

Mama Alex akasimama mbele yake, akasema kwa Kimakonde. Hakusema mengi. Sikuelewa hata neno. Nilichoona ni Mzee Eusebio anavua kofia, anaishika kifuani, na Alex pembeni yangu anainamisha kichwa.

Halafu Mama Alex akanigeukia mimi, jirani yake wa miaka yote, niliyepika kwenye msiba ule, niliyeshika mkono wake makaburini.

"Nimemwambia kwamba Laurenti amekufa," akasema.

Nikamwambia, "Pole, Mama Alex."

"Asante," akasema. Tangu msiba, alikuwa hajaniitikia pole hata moja.

Mzee Eusebio akaivaa kofia yake. "Basi mkubwa wa nyumba nani?"

"Mimi."

Akafungua banda la Boeboli, akamvisha Tulia kamba, akampa Mama Alex ashike. Ukimwona mbwa yule na ukamwona mwanamke yule, mwembamba, gauni limemlegea kwa kukonda, utasema ataburutwa mpaka Lindi. Mbwa alivuta mara moja, kumjaribu. Mama Alex akasema, "Kaa." Sauti haikuwa kubwa, lakini nilikuwa sijaisikia tangu enzi za ming'oko. Mbwa akakaa. Mama Alex akapewa bakuli la dona na dagaa, akamlisha kwa mkono wake, mate yote yale ya najisi mpaka kwenye kiwiko, mimi nikageuza uso nikisema astaghfirullah na huku machozi yananitoka.

Mzee alitueleza mengine hukohuko: kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, na kivuli, na maji asubuhi na jioni, na tuje naye arudie mafunzo. Alex ndiye aliyesikiliza. Tulirudi na mbwa amekaa juu ya godoro mgongoni mwa gari, na vitu vyote vikarudishwa ndani siku ileile. Jumapili, baada ya misa, Alex akatundika geti. Bawaba ziliingia bila kulazimisha, kubwa sawasawa, na geti halikupinda.

Abdulwahab naye akaziba upenyo kwa bati jipya. Nilimwangalia anagongomea misumari na nikaona nimpige na nyundo yake. Lakini nilinyamaza. Jirani ninaye.

Siku chache baadaye nilikuwa naanua nguo upande wangu wa bati. Nikasikia mtu getini kwa Mama Alex, sauti ya mwanaume nisiyemjua. "Hodi hapa! Baba yupo?" Nikasikia kucha za mbwa kwenye saruji, anainuka, anakwenda kusimama. Nikaganda na nguo mkononi. Nilikuwa nangoja neno lile.

"Amekufa," Mama Alex akasema. "Mwenye nyumba mimi. Sema shida yako ukiwa hapohapo."

Yule mtu akaomba radhi, akasema alikuwa anaulizia mbao, akaenda zake. Na mimi, mtu mzima, nikakaa chini palepale kwenye mchanga na nguo za sala mapajani, nikalia kwa sauti, kama vile ndiyo kwanza naletewa habari.

"Mama Imani," akaita ng'ambo ya bati. "Unalia nini?"

"Vitunguu."

"Saa hizi hupiki wewe."

Akasogea, nikaona kivuli cha miguu yake chini ya bati, na pembeni miguu minne ya yule mnyama.

"Na mimi nataka kulia," akasema. "Ila bado haijaja."

"Ikija uniite."

"Nitakuita," akasema. "Ila upite getini upige hodi. Mbwa hajakuzoea."